Gramafoni ya Mwenye Mshahara Mdogo

Wako watu wanaodhani kwamba santuri ni jambo lililokwisha pamoja na taa za kandili. Lakini katika nyumba nyingi za askari, chini ya kitanda au juu ya kabati, bado lipo sanduku la kadibodi lenye santuri za baba au za babu. Aghalabu ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na nyingi zilitengenezwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Zimelala kimya kwa sababu gramafoni ya nyumbani iliharibika zamani, na mwenye kuishi kwa mshahara wa mwezi hajui aanze kununua kitu gani, na kipi kingoje.

Familia moja iishiyo katika kambi ya polisi mjini Kampala ilikutana na swali hilo mwaka 2023. Baba wa familia hiyo, ambaye alifariki mwaka 1994, alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi, na siku za Jumamosi alicheza na wenzake katika bendi ya dansi. Mwaka 1968 wanadansi hao walisafiri kwa basi hadi Nairobi, wakarekodi nyimbo mbili, mmoja kila upande wa santuri ndogo. Karatasi ya katikati haina jina la mpigaji hata mmoja. Alipofariki aliacha santuri arobaini na tatu, na hiyo moja ikiwa ndani ya bahasha ya serikali iliyokunjwa mara mbili. Watoto wake hawajapata kuona nakala nyingine, wala kuusikia wimbo wenyewe mahali popote.

Wana wawili ndio waliolibeba jambo hili. Mkubwa ni Inspekta wa polisi, mwenye nyumba. Mdogo ni Koplo wa jeshi, ambaye alikuwa amerudi kutoka Somalia, walikoanza kupelekwa askari wa Uganda Machi 2007. Koplo alirudi na akiba kidogo, na kwa haraka ya ujana akanunua gramafoni ya sanduku, ile inayofungwa kama sanduku la safari, yenye spika zake humo humo ndani. Ilikuwa nzuri kwa macho. Aliifungua mezani, akamwambia kaka yake kwa mzaha, "Afande, leo mzee atapiga tarumbeta."

Inspekta alikataa. Alikuwa amekwisha isikiliza santuri moja ya Franco juu ya kisanduku kile na kuona mambo mawili. Kwanza, mkono wa sindano haukuwa na uzani wa kurekebisha, bali ulilala juu ya santuri kwa uzito wake wote. Pili, baada ya kuipiga santuri hiyo jioni kadhaa, vumbi la kijivu lilionekana kwenye ncha ya sindano, nalo si vumbi la nyumba.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalielezi. Vichwa vya sindano vya gramafoni nyingi za sanduku hukandamiza santuri kwa gramu tano au zaidi, ilhali sindano nyingi za kichwa cha sumaku hutosheka na gramu mbili hivi. Gramu tano si kitu mkononi mwa mtu, lakini zikikalia ncha iliyo nyembamba kuliko unywele huwa mzigo mkubwa mno kwa kuta za mfuo. Hata hivyo yafaa kusema kweli: sindano nzito iliyo mpya haiui santuri kwa kupigwa mara moja. Mharibifu mkuu ni sindano iliyochakaa, ambayo ncha yake imekwisha kuwa kama patasi, na wengi huitumia miaka na miaka kwa kuwa bado inatoa sauti. Kadhalika spika zikiwa ndani ya sanduku moja na sindano, mtetemo wao huirukia sindano, na anayeongeza sauti huongeza pia mikwaruzo.

Basi nyumba ikagawanyika. Mama yao, aliyekuwa na miaka sabini na saba na sikio moja lililoanza kuwa zito, aliwauliza, "Wanangu, mnamwekea nani? Hayo masikio yatangoja?" Koplo akawa upande wa mama. Inspekta akashikilia kwamba kitu kisicho na nakala hakifanyiwi majaribio. Mke wa Inspekta, ambaye ndiye mtunza fedha, aliwakumbusha wote wawili kwamba karo ya muhula iko mbele na kwamba gramafoni ya kwanza imenunuliwa bila kumwuliza mtu. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na ndiyo maana mabishano hayo yalichukua miezi miwili.

Yalimalizwa na shangazi yao. Huyo ni dada wa marehemu, akaaye Boston, Marekani, tangu miaka ya 1980. Aliposikia habari kwa simu alisema anayo gramafoni ya zamani aliyoinunua huko alipofika, nzito, yenye sahani ya chuma izungushwayo kwa mkanda wa mpira, na mkono wenye uzani wa kurekebisha nyuma. Haina sindano. Angeituma ndani ya shehena ya nguo ambayo jamaa walikuwa wakiisafirisha kuja Kampala, bila malipo.

Kwa hiyo fedha zilizobaki, shilingi laki nane, zikatafutiwa mpango. Koplo alitaka spika kubwa zenye taa za rangi. Inspekta akasema hapana, sindano kwanza, na huo ndio uamuzi uliookoa mengine yote. Sindano mpya na kichwa chake cha sumaku ililetwa na basi kutoka Nairobi kwa laki moja na nusu. Kikuza sauti cha Kijapani kilichokwisha tumika, pamoja na spika mbili za mbao zisizo na taa yoyote, vilichukua laki nne. Kikuza sauti hicho kilichaguliwa kwa sababu nyuma yake kina tundu lililoandikwa PHONO. Kichwa cha sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Tena santuri hukatwa huku sauti nene zikiwa zimepunguzwa na nyembamba zimeongezwa, kwa kanuni ambayo watengenezaji wa Marekani waliikubali mwaka 1954. Tundu hilo ndilo linalorudisha kila sauti mahali pake. Mtu akichomeka gramafoni ya namna hii katika tundu la kawaida la redio, atasikia sauti ya mbu ndani ya kopo. Asiye na tundu hilo hununua kisanduku kidogo cha kufanya kazi hiyo.

Shehena ilifika mwezi wa Agosti. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya volti 120 na umeme wa Uganda ni volti 240, wakanunua transfoma kwa shilingi elfu themanini. Wakafunga kila kitu, na kwa busara wakaanza na ile ile santuri ya Franco. Ilizunguka, ikaimba. Wanaume wakafurahi na kupeana mikono. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, hakufurahi. Aliinua kichwa na kusema, "Huyo si Franco. Franco hakuwa na sauti ya ng'ombe."

Wakadhani ni masikio yake. Kisha wakadhani ni mkanda uliolegea kwa uzee, wakanunua mwingine, na hali ikabaki vile vile. Ndipo binti wa Inspekta, wa darasa la sita, alipokata kipande cha karatasi, akakichomeka chini ya ukingo wa santuri, akahesabu mizunguko kwa saa ya simu. Kwa dakika moja sahani ilizunguka mara thelathini na saba na nusu, badala ya arobaini na tano.

Fundi wa redio aliyeelezwa namba hiyo hakuhitaji hata kuiona mashine. Umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde, na wa hapa mara 50. Mota ya gramafoni nyingi za zamani hufuata mapigo hayo ya umeme, wala haifuati volti. Transfoma hushusha volti, lakini mapigo huyaacha yalivyo. Arobaini na tano mara hamsini, gawanya kwa sitini: jibu ni thelathini na saba na nusu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuipiga hesabu hiyo, na pengine ingefaa itiwe katika vitabu vyao. Kwa sikio, tofauti hiyo si ndogo. Wimbo mzima hushuka sauti tatu za kinanda, na tarumbeta huwa kama baragumu.

Dawa yake ni kapi, yaani kigurudumu kidogo cha shaba kilichovikwa kwenye mhimili wa mota, ambacho mkanda hupita juu yake. Kikinenepeshwa kwa sehemu moja ya tano ya kipenyo chake, mwendo hurudi sawasawa. Fundi wa kukereza vyuma huko Katwe alipelekewa kapi la asili ili alipime. Kazi yake ya kwanza haikuwa nzuri: tundu halikukaa katikati kabisa, na sauti ikawa inayumba kama mlevi atokaye kilabuni. Alilichukua bila ubishi, akakereza jingine, na kwa yote mawili akataka shilingi elfu sitini. Binti akahesabu tena. Mara hii alihesabu dakika tatu ili kosa dogo lisijifiche, akapata mia moja thelathini na tano kamili.

Yaliyobaki yalikuwa ya nyumbani. Sakafu ya kambi hutikisika kila mtu apitapo, basi Inspekta alipiga rafu ya mbao ukutani, akaisawazisha kwa pimamaji, na spika akaziweka chini, mbali na rafu hiyo. Waya mwembamba wa ardhi utokao kwenye gramafoni aliufunga kwenye skrubu ya kikuza sauti, na mngurumo uliokuwa ukisikika ukanyamaza. Kisha akarekebisha mkono. Uzani wa nyuma ulisogezwa mpaka mkono ukaelea wenyewe kama mizani isiyo na kitu, namba ikawekwa sifuri, halafu ukazungushwa hadi gramu mbili, kama karatasi ya sindano ilivyoagiza. Hakuna kifaa kilichonunuliwa kwa kazi hiyo isipokuwa subira, na Koplo, ambaye kazini husafisha silaha kila siku, ndiye aliyeonekana kuwa na mkono mtulivu kuliko kaka yake.

Mke wa Inspekta alisimamia uoshaji. Maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mifuo bila kuikata, na karatasi ya katikati isiloe. Baada ya hapo santuri zilisimamishwa kivulini zikauke, maana jua la mchana huzipinda kama chapati. Katika sanduku zilikutwa pia santuri nne nzito za mizunguko 78. Hizo alizitenga. Zimefanywa kwa lakki, ambayo huyeyuka ikiguswa na spiriti, na mifuo yake ni mipana, huhitaji sindano yake yenyewe. Zitangoja mwaka mwingine wa fedha.

Jumapili moja ya Oktoba, kabla ya jua kupanda, wakati kambi bado ina utulivu, santuri ya bahasha iliwekwa juu ya sahani. Ina tundu pana, basi katikati kulitiwa kipande cha plastiki cha kujaza. Koplo ndiye aliyeshusha sindano. Kulikuwa na mikwaruzo, kisha gitaa mbili, kisha mwimbaji ambaye mama alimtaja kwa jina mara moja, na jina la kijiji chake, na deni alilokufa nalo. Tarumbeta haikuingia mpaka ubeti wa pili. Ilipoingia, mama alinyanyua mkono kuwanyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Tarumbeta ilipiga kwa muda mfupi mno, pengine nusu dakika, ikajibizana na gitaa na kuondoka. Mama aligeuza kichwa ili sikio lake jema lielekee spika, akakaa hivyo hadi sindano ilipofika mwisho na kuanza kugonga.

"Alikuwa amevaa viatu vya kuazima siku ile," akasema.

Hawakuurudia papo hapo. Inspekta aliunganisha waya kutoka kikuza sauti hadi kompyuta ya binti yake, na mara ya pili wimbo ukahifadhiwa, ili santuri yenyewe isilazimike kufanya kazi kila Jumapili. Nakala ilitumwa Boston siku hiyo hiyo. Shangazi alijibu usiku wa manane kwa saa za Kampala, kwa maneno machache: alitaka kujua kwa nini hawakumpelekea upande wa pili.