Barua Pepe Ilipokaa Ofisini

Tarehe 31 Desemba 2024 kampuni ya Microsoft ilisitisha programu ndogo ya barua pepe iliyokuwa ikija pamoja na Windows, na nafasi yake ikachukuliwa na Outlook mpya ambayo, ingawa hufunguka kama programu ya kawaida, kwa undani imejengwa kama ukurasa wa wavuti. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi tukio hilo lilipita bila kutajwa, kwa sababu watumishi walioajiriwa miaka ya karibuni hawajapata kusoma barua ya kazi isipokuwa kwenye simu au ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Kijana wa namna hiyo akielezwa kwamba barua ziliweza kusomwa, kutafutwa na kujibiwa mtandao ukiwa umekatwa kabisa, huona anasimuliwa jambo lisilowezekana, na kutojua huko kumeanza kuzigharimu ofisi.

Barua pepe ilipoingia katika ofisi za Tanzania, katikati ya miaka ya 1990, kwa kawaida ilikuja na kompyuta moja, modemu moja na mtu mmoja wa kuviendesha. Modemu ni kifaa kinachogeuza taarifa za kompyuta kuwa sauti zinazoweza kupita kwenye waya wa simu, na kwa kuwa simu ya mezani ililipiwa kwa muda uliotumika, kila dakika ya kuunganishwa ilikuwa gharama iliyoonekana kwenye ankara ya mwisho wa mwezi. Kompyuta hiyo iliwekwa katika chumba chenye kiyoyozi, ikafunikwa kitambaa jioni ili isiingie vumbi, na aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba mara nyingi alikuwa katibu muhtasi, ambaye hapo kabla alikuwa bingwa wa taipureta na teleksi na sasa alijifunza kazi mpya bila kuongezewa mshahara.

Utaratibu wa katibu muhtasi huyo unastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake mna hekima ambayo imesahauliwa. Asubuhi alipokea rasimu zilizoandikwa kwa mkono na maofisa, akazichapa moja baada ya nyingine katika Eudora au Pegasus Mail, simu ikiwa bado haijapigwa, na kila barua aliyoimaliza ilikwenda kusubiri katika folda ya zinazotoka. Zote zilipokuwa tayari aliamuru modemu ipige, chumba kikajaa mlio ule wa kukwaruza uliojulikana hata na wahudumu wa chai, na kwa dakika chache barua zote zikatoka kwa mkupuo na zile zilizokuwa zikisubiri kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, zikaingia. Kisha simu ilikatwa. Yaliyobaki, yaani kusoma, kupanga na kujibu, yalifanyika kwa utulivu bila kulipiwa senti. Barua zilizoingia zilichapishwa kwa printa ya pini, ambayo utepe wake wa wino ulikuwa na harufu nzito iliyotawala chumba kizima, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, zikapelekwa masjala na kuwekwa katika jalada lake kwa namba ya folio, sawasawa na barua iliyoletwa na Posta.

Programu zilizowezesha utaratibu huo hazikutungwa kwa ajili ya Afrika Mashariki, lakini ziliifaa kuliko nyingi zilizofuata. Eudora iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, naye akaipa jina la mwandishi Eudora Welty kwa kukumbuka hadithi yake fupi kuhusu mwanamke aliyehamia kuishi posta; Pegasus Mail ilitolewa bure tangu mwaka 1990 na David Harris wa New Zealand. Zote mbili zilitumia kanuni iitwayo POP, ambayo kwa kawaida huchukua barua kutoka kwenye seva, huzihifadhi katika diski ya kompyuta ya ofisi na kuzifuta kule zilikotoka. Maana yake ni kwamba barua za ofisi zilikaa ofisini, na hakuna mtoa huduma aliyeweza kuzizuia kwa kuwa ankara haijalipwa.

Kasoro zake zilikuwa kubwa na haifai kuzificha. Diski ilipokufa, mawasiliano ya miaka yote yalikufa nayo, na ofisa aliyehamishiwa Mwanza aliweza kuondoka na kompyuta yenye kumbukumbu nzima ya idara. Faili la barua la Outlook za awali halikustahimili kupita gigabaiti 2, na lilipofika hapo liliweza kuharibika. Mwezi Mei 2000 kirusi kilichobeba maneno ya mapenzi katika kichwa cha barua kilienea duniani kwa kujituma chenyewe kwa kila anwani iliyohifadhiwa ndani ya Outlook.

Hotmail, huduma ya barua pepe iliyosomwa ndani ya kivinjari, ilizinduliwa tarehe 4 Julai 1996, lakini tarehe hiyo ni ya California. Katika miji ya Afrika Mashariki mabadiliko yalianza pale intaneti kafe zilipoenea, na kila mtu akaweza kuwa na anwani yake isiyohitaji ufunguo wa katibu muhtasi. Ofisi nazo zilifuata kwa kufungulia watumishi barua pepe za wavuti, kwa programu za bure kama SquirrelMail na baadaye Roundcube, na uhuru uliopatikana ulikuwa wa kweli, kwa sababu mhasibu aliyekuwa safarini Arusha aliweza kujibu barua ya Dar es Salaam kutoka kwenye kompyuta yoyote. Tatizo lilikuwa njia. Kabla ya mkonga wa SEACOM, yaani waya wa mawasiliano unaopita chini ya bahari, kuanza kazi Julai 2009, mawasiliano mengi na nje yalipitia setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya dunia, hivyo ombi na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi hata laini ikiwa tupu, na seva ikiwa Ulaya au Marekani kila barua iliyofunguliwa ilirudia safari hiyo mara kadhaa. Programu ya mezani iliivumilia safari hiyo mara moja kwa siku. Kivinjari kiliidai kwa kila kubofya, na mtu aliyeandika ripoti ndefu moja kwa moja kwenye ukurasa aliweza kubofya kutuma na kuambiwa kuwa muda wake umekwisha na aingie upya, ripoti ikiwa imepotea.

Baada ya mkonga mambo yalikwenda haraka: Gmail, ambayo mwaka 2004 ilitoa gigabaiti moja wakati wengine wakitoa megabaiti chache, ikazoeleka; Serikali ya Tanzania ikaanzisha Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012; simu za mkononi zikamaliza kazi iliyobaki. Leo ofisi inayosema mtandao unasumbua husimamisha kazi, kwa kuwa hata barua ya mwaka jana haipatikani. Tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, jambo hilo lilionekana wazi, maana wenye nakala katika kompyuta zao waliendelea kusoma na kuandaa majibu.

Wala hakuna ulazima wa kuchagua upande mmoja. Kanuni ya IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 huko Stanford, huacha barua kwenye seva huku ikiruhusu programu ya mezani kuweka nakala kamili ofisini, na Thunderbird inayoitumia hutolewa bure. Mkuu wa ofisi anayesoma haya amuulize fundi wake kama seva yao inaruhusu IMAP, atenge kompyuta moja yenye diski iliyofungwa kwa nywila, aunganishe anwani za idara, na nakala ya barua ihamishiwe diski ya akiba kila mwisho wa mwezi, kabla anwani ya mtumishi anayestaafu haijafutwa.