Deni Lililolipwa Mvuani

Mwaka 2022 mpiga gitaa Mwingereza Steve Hackett, akiwa na umri wa miaka 72, alianza ziara ya kupiga jukwaani albamu nzima ya Foxtrot, iliyokuwa imetimiza miaka 50 tangu itoke. Katika albamu hiyo mna kibao kimoja, "Supper's Ready", kinachochukua takriban dakika 23. Watu walikata tiketi, wakaketi, wakakisikiliza mpaka tamati. Wapo waliokinunua kwenye santuri wakiwa wanafunzi, na sasa ni babu na bibi. Wapo pia ambao hawakuwa wamezaliwa siku zile Hackett alipokuwa kijana mwenye ndevu na miwani, akilipiga gitaa lake akiwa ameketi kitini pembeni mwa jukwaa la Genesis.

Penzi la namna hii hunifikirisha sana. Genesis ya miaka ya sabini haipo tena. Wanamuziki wake watano wa enzi ile walitawanyika zamani, kila mmoja akashika njia yake. Hata hivyo nyimbo zao bado zina watu wa kuzitunza. Huko Montreal, Kanada, ipo bendi iitwayo The Musical Box ambayo tangu mwaka 1993 imekuwa ikiyarudia maonyesho ya Genesis ya miaka ile kwa ukamilifu: mavazi yale yale, taa zile zile, hata picha za ukutani zilizotumika zamani. Nimewatafakari mashabiki hawa kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba wanatufundisha jambo moja kubwa. Kupenda ni kazi, na kazi hiyo ikifanywa kwa moyo, faida yake huwafikia hata watu ambao hawamjui aliyeifanya.

Genesis ilianza mwaka 1967 katika shule ya bweni ya Charterhouse, huko Surrey. Walikuwa vijana wa shule: Peter Gabriel, Tony Banks, Mike Rutherford, Anthony Phillips na wenzao. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1969, iliitwa From Genesis to Revelation, na kwa sababu ya jina hilo baadhi ya maduka yaliiweka kwenye rafu ya nyimbo za dini. Ziliuzwa nakala kama 650 tu. Mwaka uliofuata Phillips, ambaye wenzake walimwona kama nguzo ya bendi, alijitoa kwa sababu afya ilikuwa mbaya na hofu ya jukwaa ilikuwa imemzidi. Wengi wangefunga virago hapo. Wao waliweka tangazo katika gazeti la muziki la Melody Maker, wakampata mpiga drams Phil Collins, na baadaye wakampata Hackett.

Nyumbani Uingereza hawakupata wasikilizaji wengi mwanzoni. Waliowapokea kwa mikono miwili walikuwa watu wa nje. Ubelgiji iliipandisha albamu ya Trespass hadi nafasi ya kwanza, na Italia iliifikisha Nursery Cryme nafasi ya nne. Bendi ilipokwenda Italia mwaka 1972, vijana waliozoea kupiga kwenye vilabu vidogo vya kwao walikuta umati ukiwasubiri. Wapo wanaosema Waitalia waliwaelewa haraka kwa sababu masikio yao yalilelewa na opera, muziki unaosimulia kisa kirefu wala hauoni haya kulia hadharani. Mimi naona maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Anayependwa hupona anapokutana na mtu aliyejiandaa kumsikiliza.

Na kusikiliza Genesis kulihitaji maandalizi. Huu ulikuwa muziki wa roki wa vibao virefu na mapigo magumu, ule uliokuja kuitwa progresivu roki. Chukua sehemu moja tu ya "Supper's Ready", karibu na mwisho. Drams na besi zinashika pigo la tisa: tatu, mbili, nne, halafu tena tatu, mbili, nne. Collins na Rutherford wanalizungusha pigo hilo bila kuyumba. Juu yake Tony Banks anapiga solo ndefu ya kinanda, na mara nyingi haiegemei kwenye tisa zao hata kidogo. Anakwenda na hesabu yake mwenyewe, anapanda, anatawanyika, anarudi. Ukisikia mara ya kwanza utadhani watu wamepotezana. Ukirudia na kurudia, siku moja unagundua kwamba hawakupotezana kabisa. Kila mmoja anamsikia mwenzake na anamwachia nafasi. Kisha sauti ya Gabriel inaingia kwa kishindo, na lahani uliyoisikia dakika 20 zilizopita, ikipigwa taratibu kwa magitaa, inarudi ikiwa imevaa nguvu mpya. Aliyeruka katikati hawezi kuipata furaha hiyo, kwa sababu hana kumbukumbu ya ilikotoka.

Sisi tuliolelewa na taarabu na muziki wa dansi tunalijua jambo hili. Katika dansi, beti huimbwa, kiitikio hufuata, halafu magitaa hupewa uwanja: solo inasema, rithim inajibu, besi inasukuma, na wachezaji wanajua kwamba utamu wenyewe ndio kwanza unaanza. Hakuna aliyekuwa akiondoka kabla ya chemko hilo. Siku hizi mkono hauchoki kugusa kioo cha simu: sekunde 10 za wimbo huu, sekunde 15 za ule. Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba tabia hiyo imehamia kwa watu. Tunawakatiza wazee wetu katikati ya hadithi. Tunawahukumu marafiki kwa sentensi ya kwanza. Ndoa nyingine zinavunjika kabla kiitikio hakijarudi. Mimi mwenyewe, tangu niuzoee muziki huu, nimekuwa mtu mwingine mbele ya shangazi yangu, ambaye akisimulia habari ya sokoni huanzia kwenye harusi ya miaka 30 iliyopita. Namwacha aende. Mara nyingi akifika mwisho, ile harusi ndiyo iliyokuwa ufunguo wa habari yote.

Kazi ya pili ya penzi, baada ya kusikiliza, ni kustahimili mabadiliko. Mwaka 1975, baada ya ziara ya albamu pacha ya The Lamb Lies Down on Broadway, Gabriel aliondoka. Yeye ndiye aliyekuwa sura ya bendi: mwaka 1972 alitokea jukwaani Dublin akiwa amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha. Watu waliamini Genesis imekwisha. Waliobaki wakatafuta mwimbaji kwa miezi, na mwishowe wakagundua kwamba sauti waliyoitaka ilikuwa nyuma ya drams. Collins akasogea mbele, na A Trick of the Tail ya mwaka 1976 ikapokewa vizuri sana. Mwaka 1977 Hackett naye akaondoka. Walipofika miaka ya themanini walikuwa watatu, wakipiga nyimbo fupi zilizochezwa na redio za dunia nzima.

Baadhi ya mashabiki walinung'unika, na mpaka leo mjadala wa enzi ya Gabriel na enzi ya Collins haujafungwa. Lakini wengi walibaki. Walinunua albamu za bendi, wakanunua za Gabriel peke yake, wakanunua za Hackett, wakamfuatilia hata Phillips aliyeondoka kabla mambo hayajanyooka. Mti uligawanyika matawi nao wakamwagilia kila tawi. Hili ni gumu katika maisha yetu ya kawaida. Tunampenda mtu alivyokuwa siku tulipokutana naye, kisha tunamdai abaki vile vile. Mtoto akikua na kuchagua njia yake tunasema ametupotea. Rafiki akihama mji na tabia zikabadilika tunasema amejisahau. Mashabiki hawa walithubutu kuuliza swali lenye heshima zaidi: huyu niliyempenda, sasa anakwenda wapi, na je, naweza kumsindikiza?

Sasa nifike kwenye tukio ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Mwezi Julai mwaka 1982, Gabriel na wenzake waliandaa tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, kusini magharibi mwa Uingereza. Nia yao ilikuwa kuwakutanisha Waingereza na wanamuziki wa dunia nzima kwenye jukwaa moja. Miongoni mwa waliopiga pale walikuwa wapiga ngoma wa Burundi. Kwa muziki lilifana, kwa hesabu lilikuwa balaa. Hasara ilikuwa kubwa na wadai wakamwandama Gabriel hadi kumtishia maisha. Wenzake wa zamani waliposikia, hawakumkumbusha kwamba aliwaacha. Tarehe 2 Oktoba 1982 walikutana naye tena katika uwanja wa wazi wa Milton Keynes Bowl, baada ya mazoezi machache tu, ili mapato yakalipe deni. Hackett naye alifika na kupanda jukwaani mwishoni.

Mvua ilinyesha siku hiyo. Makumi ya maelfu ya mashabiki walisimama kwenye matope wakasikiliza nyimbo za miaka kumi nyuma zikipigwa na watu waliozisahau hapa na pale. Wao walikwenda kwa ajili ya nyimbo walizozipenda ujanani. Fedha za kiingilio chao zikaliokoa tamasha la WOMAD, nalo likaendelea na kukua.

Mimi niliijua Genesis kwa njia ya mzunguko, na njia yenyewe inapita katika matope hayo. Nilikuwa mpenzi wa muziki wa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Congo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwake na kuwaimbia wanyonge kwa Kiswahili akiwa na bendi ya Super Matimila. Albamu yake ya Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 kwa jina la Real World, kampuni iliyoanzishwa na Gabriel pamoja na WOMAD mwaka huo huo, yenye studio katika kijiji cha Box karibu na mji wa Bath. Nikataka kumjua huyu aliyemfungulia Remmy mlango. Hapo nikakuta kwamba mlango huo ulikuwa wazi kwa wengi wa kwetu. Alipita Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na ala yake ya ilimba. Alipita Ayub Ogada wa Kenya na ala ya nyatiti, akatoa En Mana Kuoyo mwaka 1993. Alipita Geoffrey Oryema wa Uganda, aliyekuwa uhamishoni, na albamu ya Exile mwaka 1990. Wapiga ngoma wa Burundi nao wakarekodi huko huko.

Nikiwaza hivyo, moyo wangu huwashukuru watu nisiowajua. Kijana wa Birmingham au Leeds aliyeloa siku ile hakuwa akimfikiria Remmy, wala hakujua Dodoma iko wapi. Alitoa fedha yake kwa sababu alipenda wimbo. Lakini wema hauozi. Penzi lake lilitembea likavuka bahari, likaja kumsaidia mtu wa Sinza, Dar es Salaam, asikike London. Ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema ushabiki wa muziki ni kupoteza muda. Inategemea shabiki anafanya nini na penzi lake.

Kazi ya mwisho ni kuaga vizuri. Genesis ilipiga onyesho lake la mwisho katika ukumbi wa O2, London, tarehe 26 Machi 2022. Collins, mwenye miaka 71, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti. Mgongo ulikuwa umemharibikia na mikono yake haikuweza tena kushika fimbo za drams. Nyuma yake, kwenye drams, alikaa mwanawe Nic, mwenye umri wa miaka 20, akipiga mapigo ambayo baba yake aliyatunga kabla yeye hajazaliwa. Gabriel alikuwapo, safari hii akiwa mtazamaji. Wimbo wa kufunga ulikuwa "The Carpet Crawlers", wa mwaka 1974, wa enzi ya Gabriel mwenyewe. Watu hawakudai sauti ya ujana wala hawakuona aibu kumwona mzee kwenye kiti. Waliimba naye, na pale pumzi yake ilipopungua yao ilitosha. Wangapi kati yetu tunawaruhusu tunaowapenda wazeeke mbele yetu bila kuwaonea haya?

Ninachowaomba wasomaji wangu ni chepesi. Kila mmoja wetu ana muziki uliomlea. Bendi kongwe za dansi, Msondo na Sikinde, zimetulea wengi, na wengi wa waliozipigia tuliwapa maua makaburini. Kama wapo walio hai waliokupa wimbo unaoukumbuka mpaka leo, nenda ukawasikilize. Lipa kiingilio, usiombe kupita bure kwa sababu unajuana na mlinzi. Nunua kazi halali. Mpeleke mwanao, umweleze ni nani anayepiga gitaa na kwa nini unampenda. Kaa mpaka chemko liishe. Fedha hiyo na muda huo huenda vikamsaidia mwanamuziki ambaye hujawahi kumsikia, katika nchi ambayo hutaifika, na hiyo ni sababu tosha ya kutoa.