Ungo wa Pemba umepaa kweli!

Sisi Wapemba tumesingiziwa miaka nenda miaka rudi kwamba usiku tunasafiri kwa ungo. Basi mwaka 2016 kitu kilipaa kweli juu ya kisiwa chetu, tena mchana kweupe, na hakikuwa na mchawi ndani! Zilikuwa droni za mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha.

Droni ile ni roboti. Haifiki hata kilo moja, unairusha kwa mkono, kisha inafuata njia uliyoipangia kwenye kompyuta, inapiga picha, inarudi kutua. Hapo hakuna kudesa. Ukikosea hesabu ya kimo, upepo au betri, jibu utaliona angani.

Ndipo roho inaponiuma. Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa kukariri. Kanuni ya Ohm nilikuwa naitiririsha kama kasida, lakini betri na waya sikukabidhiwa hata siku moja. Shule siitaji, maana za aina hiyo ziko nyingi.

Na msidhani kufundisha kwa roboti kumeanza jana. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alikuwa mmoja wa waliotengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Logo huko Marekani mwaka 1967. Baadaye watoto wakaitumia kuamrisha kiroboti kinachotambaa sakafuni, wakakiita kobe. Unakiambia nenda mbele, geuka kulia, nacho kinachora kila kinapopita.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili hapa Chake Chake. Juzi nikamwambia, "Kobe hatuna, basi roboti mimi. Niamrishe nitembee pembetatu yenye pande sawa."

Akacheka. "Rahisi hiyo, kaka! Hatua tano mbele, geuka kulia nyuzi 60. Rudia mara tatu."

Nikatii. Wapi! Pembetatu haikufunga. Nikaendelea vivyo hivyo, na upande wa sita ndio ukanirudisha nilipoanzia. Mama akachungulia dirishani kuuliza kama tumepandisha jini.

Dogo akachora chini kwa kijiti, akakuna kichwa, mara akaruka: "Kumbe anayetembea anageuka pembe ya nje! Mzunguko mzima 360, gawa kwa tatu, 120!" Nikageuka 120. Ikafunga.

Huo ndio utamu wa roboti, wapenzi wasomaji. Haikuchapi wala haikuzomei. Inafanya kile kile ulichosema, na kosa lako unalitazama kwa macho yako mpaka ulirekebishe. Msahihishaji wa mtihani unaweza kumpiga chenga kwa kukariri. Mashine haipigwi chenga.

Eti roboti ni mambo ya wenye pesa? Mota ya redio kaseti iliyokufa, waya na betri mbili havikosekani Wete, Mkoani wala Chake. Anzeni na hivyo. Na wakubwa wakituletea vifaa vya maana mashuleni, tunashukuru, ila visifungiwe kabatini kwa kufuli eti vitaharibika. Kifaa kisichoguswa hakijamfundisha mtu.

Dogo sasa anataka nitembee nyota ya ncha tano. Kila kona nigeuke nyuzi ngapi? Uwanja huo hapo, jaribu mwenyewe!