Kabla Hujamkata Anti Mshahara, Pangusa Hiyo Roboti

Wasee, leo tunaongea kuhusu roboti za kufagia. Zile sahani nyeusi zinazozunguka sebuleni zikinguruma kama paka aliyeshiba. Si kitambo hapa Kitengela ulikuwa unaziona kwa video tu. Siku hizi kuna moja kwa jirani, kuna nyingine imetumwa na binti wa mtu kutoka Dubai, na kuna ile mtu alinunua mtumba bila hata karatasi ya maelekezo. Na kwa sababu niliwahi kuweka video nikifungua moja, nimegeuzwa fundi wa mtaa bila kuomba hiyo kazi. Kila wiki simu inalia: "Hebu kuja uangalie, hii kitu imepotea tena."

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Roboti ikipotea njia ndani ya nyumba, karibu kila mara sababu iko kwenye sakafu, kwenye vumbi ama kwenye ramani yake. Na bado, nyumba baada ya nyumba, mtu wa kwanza kushukiwa ni dada wa kazi.

Mwezi wa nane jirani mmoja aliniita. Roboti yake ilikuwa imekataa kabisa kuingia jikoni. Ikifika koridoni inazunguka papo hapo kama mtoto anacheza. Jioni inazimika chini ya kochi, chaji imeisha, mbali na kituo chake. Kabla hata sijavua viatu nikapewa hukumu: "Ni huyu anti. Anaiharibu makusudi, anaogopa itamchukulia kazi." Alikuwa ameshamkata elfu mbili mwisho wa mwezi, na mpango ulikuwa kuendelea kukata hivyo hivyo mpaka bei ya roboti itimie. Anti mwenyewe alikuwa kwa sinki akiosha vikombe, anasikia kila neno, hajageuka.

Tuelewe kwanza hii kitu hujuaje iko wapi. Roboti za kwanza hazikujua. Roomba ilipoingia sokoni 2002 ilikuwa inagonga ukuta, inageuka, inaenda kwingine, kama nzi kwenye dirisha, na ikigonga vya kutosha nyumba inatakata. Haingeweza kupotea kwa sababu haikuwa na ramani. Nyingi za sasa zinachora ramani, na hapo ndipo kupotea kulizaliwa.

Angalia mgongo wa yako. Ukiona kofia ndogo ya mviringo imeinuka, hiyo ni leza. Inazunguka bila kupumzika, inapima umbali mpaka kila ukuta, halafu inalinganisha na ramani iliyohifadhi. Ukiona jicho linalotazama juu, hiyo ni kamera. Inakumbuka dari, taa na vichwa vya milango, na gizani haina lake, kwa hivyo stima ikipotea usiishangae. Usipoona chochote, pengine inahesabu mizunguko ya magurudumu na kuhisi kila inapogeuka, kama mtu anayetembea gizani akihesabu hatua. Hiyo ikiteleza kidogo kwenye maji au kwenye ukingo wa kapeti, hesabu imeharibika.

Sasa fikiria umelala kwa matatu ukitoka Nairobi usiku. Unaamshwa, unashuka Isinya, na kichwani mwako unaamini umeshuka Kitengela. Utatembea ukitafuta kona yenu na kila kona itakukataa. Wahandisi wa roboti wana jina la hali hii: tatizo la roboti aliyetekwa nyara. Sitanii, hivyo ndivyo linavyoitwa kwenye taaluma yao. Roboti ikiinuliwa katikati ya kazi na kuwekwa mahali pengine, inaweza kuendelea kuamini iko pale ilipokuwa.

Na nani anateka roboti nyumbani? Watu wenye roho nzuri. Anti alikuwa akiikuta imekwama chini ya kochi, anaihurumia, anaibeba mpaka jikoni na kubonyeza kitufe iendelee. Tena kila akipiga deki anasogeza kituo cha chaji mpaka ukuta wa pili, kwa sababu bosi alimwambia anataka deki ifike kila kona. Akimaliza anakirudisha karibu na pale kilipokuwa. Karibu na pale, sio pale.

Nikaomba simu ya jirani nifungue ramani. Manze! Sebule ilikuwa imechorwa mara mbili, moja imelala juu ya nyingine kwa mshazari kama mashuka mawili yaliyotupwa kitandani. Halafu kulikuwa na boksi jekundu. Jirani mwenyewe ndiye aliyelichora miezi mingi nyuma, kuzuia roboti isipite kwenye mkeka wa mtoto. Ramani ilipopinda, boksi lilibaki na namba zake za zamani, na sasa lilikuwa limekaa katikati ya mlango wa jikoni. Roboti ilikuwa inakataa jikoni kwa sababu ilikuwa inatii amri ya mwenye nyumba.

Nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na kuzunguka je?"

Nikaigeuza tumbo juu. Kule chini, ukingoni, kuna vidirisha vidogo vyeusi, vinne au sita hivi. Vinatuma mwanga usioonekana kwenda sakafuni na kungoja urudi. Ukirudi, kuna sakafu. Usiporudi, roboti inaamini iko kwenye ukingo wa ngazi, inarudi nyuma na kugeuka. Vumbi la huku mnalijua: barabara ya murram, lori za mawe, upepo wa nyika unaopuliza kama umelipwa. Vile vidirisha vilikuwa vimepakwa ungaunga wa kijivu kama vimetiwa poda. Kila hatua roboti iliona shimo, kwa hivyo ilicheza densi. Kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, vijiti vya pamba vya masikio, dakika tano. Usitumie maji wala zile dawa za kupulizia vioo. Pangusa na ile kofia ya leza pia, na uzungushe magurudumu kwa mkono uone kama yameshika nywele. Kwa huyu jirani yalikuwa yameshika nyuzi za vitambaa vya makochi, vile vya kushona vyenye nyuzi zinazoning'inia. Mama zetu hawatavitoa, tusidanganyane, lakini vinaweza kukunjwa juu siku ya kufagia.

Bado ilikuwa inaogopa kitu kimoja, kapeti nyeusi ya mlangoni. Rangi nyeusi inameza ule mwanga, kwa hivyo kwa roboti ile kapeti ni kisima. Kuna watu wanabandika karatasi juu ya vidirisha ili isione giza. Kama nyumba yako ina ngazi usifanye hivyo, itakushukia hadi chini. Kapeti tuliikunja, mambo yakaisha.

Halafu kuna mitungi. Ukiwa Kitengela, stori ya maji huhitaji kuelezwa. Maji yakija, koridoni kunapangwa mitungi ya lita ishirini, Jumanne kumi, Ijumaa imebaki minne, Jumapili imehamia bafuni. Kwa leza mtungi ni ukuta. Waliounda hii mashine walifikiria nyumba ambayo ukuta unakaa mahali pamoja, na maji yanakaa kwa mfereji. Tuliipa mitungi laini moja upande wa kushoto, ikae hapo hapo, ijae au isijae.

Lililobaki lilinishinda: kwa nini asubuhi roboti inarudi kwenye kituo chake vizuri na jioni hairudi? Jirani alikuwa na nadharia ya betri. Nikamgeukia anti, maana yeye ndiye anashinda na hii kitu mchana kutwa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Akafuta mikono. "Kijana, asubuhi haina shida. Ni jua likiingia hiyo dirisha, kuanzia saa kumi hivi. Inakuja mpaka hapa, inazunguka kama kipofu, inaenda zake. Kukiwa na mawingu inaingia yenyewe."

Hapo ndipo nilipojua nani fundi. Kituo cha chaji huita roboti kwa mwanga ule ule usioonekana, na jua lina mwanga huo kwa wingi. Jua la jioni likipiga pale, ule mwito unamezwa. Tukahamisha kituo mpaka ukuta wa ndani, nafasi ya nusu mita kila upande na mita moja na nusu mbele, tukabandika utepe sakafuni kuonyesha kinapokaa ili deki ikiisha kirudi pale pale. Tukafuta ramani zote, tukafungua milango yote, tukaacha viti vilivyo kama siku ya kawaida, roboti ikaanza kujifunza upya kutoka kwenye kituo chake. Ukitaka ramani ya kweli usipange nyumba kama ya kupiga picha.

Nyinyi wengine, mambo mawili ya haraka kabla hamjaniita. Intaneti ikipotea, roboti nyingi za leza bado zinajua njia, kinachopotea ni kuziona kwa simu, kwa hivyo msinunue rauta mpya. Na kwa kuwa Kitengela tunajulikana kwa vioo tangu enzi ya karakana ya Nani Croze, mjue kwamba leza na kioo hazielewani. Kioo safi mara nyingi haikioni, na kile cha kujitazama kinachofika sakafuni kinaiambia kuna chumba kingine kule ndani. Bandika utepe chini, usawa wa ile kofia.

Turudi kwa anti. Jirani si mtu mbaya, na woga aliousema upo. Anti aliniambia mwenyewe, tukiwa kwa geti, kwamba siku ile boksi linafunguliwa hakulala. Angelala vipi? Hiyo roboti bei yake inapita mshahara wake wa miezi mitatu. Lakini mtu anayeogopa mashine na mtu anayeharibu mashine ni watu wawili tofauti, na ukitaka kusema ni mmoja unahitaji ushahidi zaidi ya roboti kuzunguka koridoni.

Tena sheria iko. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani. Kifungu cha 19 kinaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa, kama uharibifu umetokana na kosa la kukusudia la mfanyakazi. La kukusudia. Kubeba roboti kwa huruma na kusogeza kituo ili upige deki uliyoagizwa haviingii hapo hata ukisukuma. Na kama ulikuwa unafikiria kumfuta kabisa kwa makosa ya kazi, kifungu cha 41 kinasema umweleze kwanza sababu, kwa lugha anayoielewa, na umsikilize. Pale kwa jirani, kumsikiliza kwa dakika moja kulitatua kitu ambacho mimi na simu yangu tulikuwa tumeshindwa.

Wiki tatu sasa roboti inaingia jikoni, inapita kando ya mitungi, inarudi yenyewe jioni. Anti ndiye anaipangusa tumbo kila Jumamosi, na juzi amenitumia picha ya ramani, sebule moja tu, imenyooka. Jirani amefurahi sana, amenitumia na ujumbe wa asante.

Jirani, najua unanisoma huku. Ile elfu mbili ya mwezi wa nane bado haijarudi kwa anti.