Berlin: Mtaa wa daktari na mkewe mchoraji

Ukishuka treni ya chini ya ardhi kwenye kituo cha Senefelderplatz, mjini Berlin, usiondoke haraka. Hapo juu kuna sanamu ya mwanamume ameketi, na chini yake jina lake limeandikwa kinyumenyume. Sanamu ndogo ya mtoto ndiyo inayoliandika. Mtoto mwenzake ameshika kioo ili alisome.

Huyo ni Alois Senefelder, mtunzi wa michezo ya kuigiza aliyetafuta njia nafuu ya kuchapa kazi zake. Katika miaka ya 1790 akagundua namna ya kuchapa kwa jiwe. Kanuni yake anaijua kila aliyewahi kuosha sufuria: mafuta na maji hayapatani. Unachora juu ya jiwe kwa kalamu yenye mafuta, unalilowesha jiwe, halafu unapaka wino wa mafuta. Wino unashika penye mchoro tu. Ukigandamiza karatasi juu yake, mchoro unahamia huko, ila kushoto kunakuwa kulia. Ndiyo maana ya kile kioo.

Nilikuwa mjini humo kwa mkutano wa afya, nikapata mchana mmoja wa mapumziko. Kutoka kituoni hapo nilitembea dakika chache tu hadi uwanja wa Kollwitzplatz. Leo ni mtaa wa watu wenye nafasi: mikahawa, vigari vya watoto kila kona, bembea na mchanga wa kuchezea. Katikati ameketi mama wa shaba, mzito, uso umechoka. Watoto wanampanda mapajani kama bibi yao.

Mama huyo ni Käthe Kollwitz, aliyezaliwa mwaka 1867. Mwaka 1891 aliolewa na Karl, daktari, wakahamia kwenye jengo lililokuwa jirani na uwanja huu na kuishi humo zaidi ya miaka 50. Enzi hizo hapa palikuwa uswahilini hasa, familia nzima chumba kimoja. Ujerumani ilikuwa imepitisha sheria ya bima ya afya kwa wafanyakazi mwaka 1883, na Karl alitibu wanachama wa mifuko hiyo. Kliniki yake ilikuwa kwenye jengo hilohilo walimoishi.

Kwa mwandishi wa afya, hapo ndipo penye utamu. Wanawake waliokuja kumwona daktari walizungumza pia na mkewe. Walimweleza habari za mume aliyekosa kazi, mimba isiyotarajiwa, mtoto anayekohoa. Käthe akawachora. Alichonga mabamba ya chuma kwa asidi, akachora juu ya mawe, na baadaye akachonga mbao, kwa sababu alitaka kazi inayoweza kutolewa nakala nyingi na kumfikia mtu asiye na uwezo wa kununua mchoro wa rangi.

Alishirikiana pia na mashirika ya misaada kutengeneza mabango. La mwaka 1923, pesa ya Ujerumani ilipokuwa imepoteza thamani kabisa, linaonyesha watoto wameinua bakuli tupu. Maneno yake ni matatu tu, yakisema kwamba watoto wa Ujerumani wana njaa. Nililitazama nikakumbuka mabango ya kliniki zetu za mama na mtoto, yaliyojaa aya ndefu ambazo mama mwenye mtoto mgongoni hana muda wa kuzisoma. Mara nyingine bango lake liliwaudhi wakubwa. Mwaka 1906 alichora uso wa mwanamke aliyechoshwa na vibarua vya kufanyia nyumbani, na mke wa mfalme akakataa kuingia kwenye maonyesho hadi bango liondolewe.

Walikuwa na watoto wawili wa kiume, Hans na Peter. Mwaka 1903 Käthe alitaka kuchora mama aliyefiwa. Akampakata Peter, aliyekuwa na miaka saba, akajitazama kwenye kioo na kuchora. Picha hiyo ni ngumu kuiangalia. Mama amemkumbatia maiti kwa nguvu, kama mnyama.

Agosti 1914 vita vikaanza. Peter, sasa miaka 18, alitaka kujitolea jeshini, lakini kwa umri wake alihitaji kibali cha baba. Karl alikataa. Peter akamwomba mama yake amsaidie, na Käthe ndiye aliyemshawishi mumewe akubali. Kijana aliondoka Oktoba. Kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa ameuawa huko Ubelgiji.

Sidhani kama yupo mzazi anayeweza kulisoma hilo haraka na kuendelea. Yeye mwenyewe hakuweza. Sanamu ya wazazi wawili wanaoomboleza ilimchukua karibu miaka 18, hadi 1932 ilipowekwa kwenye makaburi alikozikwa kijana wake. Baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja peke yake na huzuni yake. Katika michoro saba ya mbao aliyoiita Vita, hakuna bunduki wala adui. Wa kwanza una mama aliyemnyanyua mtoto mchanga, anamtoa. Wa pili una vijana wanaokifuata kifo kinachopiga ngoma.

Jengo lao liliteketea kwa mabomu mwaka 1943, hivyo hapo Kollwitzplatz hutaiona kliniki ya Karl. Kazi zenyewe ziko kwenye makumbusho yenye jina la Käthe, katika kasri la Charlottenburg, upande wa magharibi wa jiji. Ukienda na watoto wadogo, pitia kwanza mwenyewe. Baadhi ya picha si za umri wao.

Nilikaa zaidi mbele ya mchoro wake wa mwisho wa kuchapwa kwa jiwe. Mama mzee amewafunika wavulana watatu kwa mikono yake kama kuku na vifaranga. Wao hawana hofu. Wanachungulia nje, na mmoja macho yamemtoka, anatamani kutoka.

Aliumaliza mwanzoni mwa 1942. Mwaka huohuo mjukuu wake, mtoto wa Hans, aliyepewa jina la baba yake mdogo, Peter, aliuawa vitani Urusi.