Miwari Wawili wa Naivasha

Mama aliyekuwa akiparua samaki alitupa matumbo pembeni bila hata kuinua kichwa. Kabla hayajagusa tope, mdomo mrefu ulikuwa umeshayadaka. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa ndege yule, nikaona kila kitu: taya la juu gumu na jembamba, lenye kulabu ndogo nchani; taya la chini ni fito mbili tu zinazopinda, na kati yake ngozi ya manjano imetanda, laini, mishipa ya damu ikionekana kama mizizi jua lilipoimulika kwa nyuma. Baadaye alitumbukiza mdomo ule majini, akauinua umefura, akauinamisha kifuani. Maji yakachuruzika. Kisha akaelekeza mdomo juu na kumeza.

Wengi hudhani mfuko ule ni kapu la akiba. Sivyo. Ni wavu: huteka samaki pamoja na maji, maji yakamwagwa, samaki akamezwa papo hapo.

Hapo ni ufuo wa Kamere, Ziwa Naivasha, saa moja asubuhi, boti zikirudi. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni. Migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imekufa imesimama majini, na minandi wamejipanga juu yake wakianika mabawa. Chini yao miwari walikuwa wengi, ila nilishangaa kuona hawafanani.

"Mama, hawa wote ni aina moja?"

"Hapana, mwanangu. Wale wakubwa weupe huja kama jeshi. Huyu wa kijivu huja kivyake, husubiri kivyake."

Yule mkubwa ni mwari mweupe, ambaye Linnaeus alimpa jina la *Pelecanus onocrotalus* mwaka 1758. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 10, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kuzidi mita 3. Akiruka utamjua kwa manyoya meusi yaliyopiga mstari nyuma ya mabawa meupe. Jeshi alilolitaja mama nililiona likifanya kazi mbali kidogo na ufuo: ndege kadhaa walijipanga nusu duara, wakasogea pamoja wakiwasukuma samaki, halafu vichwa vyote vikazama kwa mara moja na kuibuka kwa mara moja. Sikuwahi kuona ushirika wa namna ile kwa ndege. Weupe hawa hutaga chini, na mazalio yao mashuhuri hapa Kenya ni visiwa vya mawe katika Ziwa Elmenteita, kaskazini ya hapa.

Wa kijivu ni mwari mgongo-waridi. Uzito wake ni kama nusu ya mwenzake, ana kishungi kisogoni, na waridi lenyewe hulioni mpaka ainue mabawa. Yeye hujenga juu ya miti.

Miwari wa dunia nzima ni spishi 8 tu, zote za jenasi moja. Kwa miaka mingi wataalamu waliwagawa kwa yale ambayo macho huyaona upesi: wakubwa weupe wanaotaga chini upande mmoja, wa kijivu na kahawia wanaozoea mitini upande wa pili. Mgawanyo ulipendeza, lakini vinasaba viliupindua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwari mweupe wa Marekani ni ndugu wa karibu wa mwari kahawia wa huko huko, wala si wa mweupe wetu. Na huyu wa kijivu niliyemwona Kamere yuko karibu zaidi na mwari wa Dalmatia, jitu la kusini-mashariki mwa Ulaya na Asia, kuliko na jirani yake anayegombea naye matumbo ya ngege. Rangi na kiota vilikuwa vimetudanganya.

Hata miguu ilidanganya. Mwari ana utando unaounganisha vidole vyote vinne, na mnandi naye vivyo hivyo. Bata utando wake huunganisha vidole vitatu vya mbele tu. Kwa sababu ya mguu huo, mwari na mnandi walihesabiwa ukoo mmoja kwa muda mrefu. Leo tunajua kwamba jamaa wa karibu kabisa wa mwari aliye hai ni korongo-nyangumi, yule wa vinamasi vya Uganda mwenye mdomo kama kiatu, na pamoja naye fundichuma.

Fundichuma! Ndege mdogo wa kahawia, mwenye kichwa kama nyundo, ambaye watu wengi huogopa kuvunja kiota chake. Alikuwepo pale pale ufuoni, akikwaruza tope kwa mguu usio na utando wa maana, hakuna aliyemtazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempita mara mbili nikiwakimbilia wakubwa.

Ukifika Kamere, fika mapema kabla boti hazijaisha, na wape miwari muda wako wote wanaostahili. Ila usiondoke kabla hujamtafuta fundichuma matopeni. Minandi walio juu ya migunga ni majirani tu. Huyu ndiye ndugu.