Kungoja Baada ya Sindano

Katika mwambao wetu wa kusini, kutoka Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, mwanamke aliyeacha sindano ya uzazi wa majira na asishike mimba upesi hakosi wa kumhukumu. Hukumu yenyewe ni fupi: "Sindano imemfunga kizazi." Maneno hayo husemwa ngomani, husemwa mnadani samaki wanapouzwa, na husemwa hata na watu waliosoma. Kwa kuwa yanavunja nyumba za watu, hayafai kuachwa bila jibu.

Nayaandika haya nikiwa mmoja wa wanaohukumiwa. Mimi na mume wangu tulipopata mtoto wa kwanza tulikubaliana tumlee vyema kwanza, nami kwa miaka sita nikawa nachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Mtoto alipoanza shule tuliamua kumtafutia mwenzake. Sasa ni mwezi wa nane tangu sindano yangu ya mwisho, na umri wangu ni miaka 34. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kivinje, hanisemi kwa ubaya. Huniambia tu, "Mwanangu, nyumba ya mtoto mmoja ina ukimya." Lakini wapo jamaa waliokwisha kumshauri mume wangu aoe mke wa pili, na yupo aliyeniletea mizizi ya kuchemsha. Mizizi niliiweka kando. Neno la mke wa pili halijanitoka moyoni.

Kinachosikitisha ni kwamba jibu lipo, wala si gumu. Dawa ya sindano ile hukaa mwilini kama akiba, ikaingia katika damu kidogo kidogo na kuzuia yai lisipevuke. Miezi mitatu ya kinga ikitimia, dawa haiishi siku hiyo hiyo; mabaki yake huendelea kufanya kazi. Kwa wastani mimba hupatikana miezi tisa au kumi baada ya sindano ya mwisho, na wapo wanaovuka mwaka. Aliyeitumia miaka sita hana sababu ya kungoja zaidi ya aliyeitumia mwaka mmoja. Njia nyingine haziko hivyo: aliyeacha vidonge, au aliyetolewa kitanzi au vijiti, aweza kushika mimba mwezi huo huo.

Siku ya sindano yangu ya kwanza, katika zahanati ambayo sitaitaja, nilielezwa habari za kuongezeka uzito na kubadilika kwa hedhi. Habari za kungoja sikuelezwa. Nimezipata majuzi tu kwa muuguzi mmoja mtu mzima, niliyemwendea nikiwa nimeanza kukata tamaa.

Muuguzi huyo aliniuliza swali ambalo hakuna jamaa aliyeniuliza: "Mumeo hulala nyumbani?" Yai likishatoka huishi muda wa siku moja hivi, na mbegu za mume zaweza kuishi tumboni mwa mke hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni chache katika kila mwezi, nazo huangukia takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Sasa mfikirie mvuvi wa Kilwa anayekwenda dago Songo Songo au Mafia, akakaa huko wiki nyingi, akarudi nyumbani siku chache na kuondoka tena. Siku zile hupita yeye hayupo. Mwaka ukiisha, anayeitwa mgumba ni mke aliyebaki akimngoja.

Tena si haki kumpima mke peke yake. Mara nyingi kasoro huwa kwa mume, au kwa wote wawili, na kipimo cha mbegu za kiume ni chepesi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke. Lipo pia jambo ambalo sindano hulaumiwa bure. Haikingi kisonono wala klamidia, maradhi yanayoweza kuziba mirija ya uzazi pasipo maumivu yoyote. Mwanamke aliyeziba mirija hawezi kujua maadamu hatafuti mtoto. Atajua siku atakapoacha kinga, naye ataidhania sindano. Umri nao hausimami. Aliyeanza sindano akiwa na miaka 28 na kuiacha akiwa na 37 ataona tofauti, lakini kilichomtoa nguvu ni miaka.

Kanuni ya madaktari ni hii: mume na mke wakikutana mara kwa mara bila kinga mwaka mzima na mimba isipatikane, waende wakapimwe. Mke akiwa amefikisha miaka 35, wasivuke miezi sita. Kwa aliyetoka katika sindano, mganga atazingatia pia muda wa dawa kuisha mwilini. Mwananchi wa Kilwa anayo Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, na wa Lindi anayo Sokoine. Waende wote wawili.

Tangu UMATI ilipoanzishwa mwaka 1959, akina mama wa nchi hii wamefundishwa kwa bidii namna ya kuanza uzazi wa majira. Namna ya kuacha hatujafundishwa vya kutosha. Ni wajibu wa kila mhudumu, siku ya sindano ya kwanza, kumwambia mama na mumewe: mkitaka mtoto, hesabuni karibu mwaka tangu sindano ya mwisho. Sentensi hiyo moja ingetosha kuzuia talaka nyingi.

Na ninyi mawifi, mashangazi na akina mama wakwe, mnapotuona tumenyamaza, jueni kwamba tunahesabu miezi kuliko ninyi. Msitupe hukumu kabla dawa haijaisha mwilini.